Mukwe Wangu Amenipiga na Upanga wa Muti

Goma, siku ya tano ya juma, 1956

Niko na miaka makumi saba. Nimepita vita mbili za Wazungu, njaa, na moto wa mulima ulioshuka mpaka ku ziwa. Hakuna kilichonitia kichefuchefu kama mambo ya leo.

Ku hangari, lile banda kubwa ambako Mubeleji anafundisha upanga wa Wajaponi, kati ya wanafunzi muzee ni mimi peke yangu. Kwa fimbo ya ngombe nilishinda wanaume wa Masisi yote, sasa upanga wa muti ungenishinda?

Leo mwalimu alinisimamisha mbele ya Paulo, bwana wa binti yangu Veronika. Paulo akaangalia chini.

"Monsieur, huyu ni baba-mukwe wangu. Kwa desturi yetu hata jina lake siwezi kulitaja."

"Hapa hakuna mukwe. Piga!"

Ningekwepa hata katika usingizi. Sikukwepa, kwa sababu sikuamini kama atapiga. Akapiga, katikati ya kichwa! Kisha akainama kunisalimu, vile walivyomufundisha. Uchafu gani huo?

Kesho asipoleta pombe ya ndizi ya kuomba musamaha, binti yangu atarudi kwangu. Kama atakubali...

Anayesema ninaongopa amuulize Veronika mwenyewe. Ndiye aliyenikanda hii nundu, na alikuwa anacheka.