Sikukuuliza, Mama

Ujerumani, Jumapili ya tatu ya Kwaresma

Mama yangu,

Shikamoo. Naliandika neno hili polepole kwa sababu najua huenda usiliitikie, na mtoto asiyeitikiwa inabidi aamkie vizuri zaidi. Mguu unaendeleaje, ule wa kushoto ulioumia ulipoanguka penye zizi? Ng'ombe amezaa? Kahawa imetoa maua, au mvua imechelewa tena? Na maji ya mfereji wa mfongo yanafika kwetu, au wale wa juu wameyafunga kama kawaida yao?

Nauliza kweli, Mama. Sijui. Kwa miezi minane sikukuuliza kitu kwa sababu kila kitu nilikuwa nakijua. Nikikupigia simu, hata kabla ya kukuamkia, nasema, "Mbona leo umetoka bila sweta?" Nawe ulikuwa unacheka, ukisema Mungu amenipa macho marefu. Mungu hakunipa kitu. Nilikuwa na kamera.

Barua hii nimeituma kwa anwani ya parokia. Ile simu niliyokununulia ulimrudishia Prosper ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa sukari, na mdogo wangu hakusita kunipa ujumbe wako: hutaki tena kushika kitu kinachotoka kwa Gaudensia. Karatasi nayo inatoka kwangu, najua. Lakini karatasi haikuangalii wakati unaisoma.

Nataka nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo, maana Prosper atakuwa amekueleza kwa namna yake.

Siku ile ulipoanguka ulilala chini hadi Mama Yasinta alipokuja kuomba chumvi. Mimi habari ilinifikia kesho yake, nikiwa namvalisha soksi mama wa mtu mwingine. Ndiyo kazi yangu huku: natunza wazee ambao watoto wao wako mbali. Nilijifungia chooni nikalia. Kisha nikampigia Prosper, nikamwambia haiwezekani mama yetu aokotwe na jirani kama hana watoto. Prosper anakaa Shirimatunda, si mwezini, lakini kupanda Kilema kwake ni safari ya Krismasi. Alikubali haraka sana tuweke kamera. Kamera ingepanda badala yake.

Akaenda mjini Moshi, kwenye lile duka la vifaa vya umeme la mzee wa Kihindi ambaye Baba alikuwa akinunua kwake betri za redio. Nikawa naangalia kwa simu ya video. Mzee aliweka kamera mbili mezani.

"Hii picha zake zinakaa kwenye kadi, hapo hapo nyumbani, haziendi popote," alisema. "Hii nyingine inatuma kila kitu kwa wenye kampuni, huko nje. Ndiyo maana dada yako ataweza kuona kutoka aliko. Sasa ninyi chagueni." Halafu akamtazama Prosper. "Mama mwenyewe anasemaje?"

"Mama hana neno, mzee," Prosper akajibu.

Nami nikasema, "Chukua hiyo ninayoweza kuona."

Bei zake zilikuwa karibu sawa. Nakwambia hivyo usije ukadhani ni shida iliyonituma. Mzee aliuliza swali ambalo watoto wako wawili hawakuuliza, na sisi tukamwona ni muuza duka anayependa maneno.

Prosper alipoifunga chini ya paa la jiko, alikwambia ni kifaa cha kuwatisha wezi wa ndizi. Nilimsikia akikwambia, maana ilikuwa imeshawashwa, na uongo huo ndio sauti ya kwanza iliyonifikia kutoka nyumbani kwa njia ile. Nilinyamaza. Jioni hiyo kampuni ikaniletea maandishi marefu kwenye simu, ukurasa juu ya ukurasa. Mwisho kulikuwa na vijisanduku viwili. Cha kwanza kiliuliza kama nakubali. Cha pili kiliuliza kama kila atakayeonekana amekubali. Nilibonyeza vyote viwili nikiwa nasubiri wali uive.

Sitakudanganya kwamba sikufurahi. Nilifurahi mno. Wenzangu wakati wa mapumziko wanakunywa kahawa, na si kahawa, ni maji meusi. Mimi nilikaa pembeni nikikutazama unavyochagua maharage, unavyomgombeza ng'ombe, unavyokaa umenyoosha mguu na kujisemea. Nilidhani huo ndio upendo. Hata kukupigia simu nikapunguza. Ya nini kupiga, na nilishakuona?

Halafu ikaja ile Jumamosi.

Ulitoka jikoni na pombe ya mbege ndani ya kata, ukaenda hadi kwenye kaburi la Baba pale migombani. Ukamimina kidogo chini, ukakaa. Ukaongea naye kwa Kichagga, ukimpa habari za nyumbani moja moja, kama alikuwa amechelewa tu kurudi mnadani. Ukamwambia umechoka. Kisha ukalia, Mama, wewe ambaye siku ya mazishi yake uliwagawia watu chakula na hakuna aliyeona chozi lako. Nililia nawe huku. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba sikutaka kuwa nayo peke yangu. Nikakata kipande hicho, nikakituma kwenye kundi la familia, nikaandika: "Tazameni Mama anavyompenda Baba."

Kundi la familia lina shemeji wa shemeji. Sijui ni mkono wa nani uliokitoa nje. Nimeuliza mmoja mmoja na kila mmoja anaapa. Siku mbili hazikupita, Shangazi akaoneshwa picha yako na mteja wake sokoni Kwa Sadala, ng'ambo kabisa, kwa watu wasiokujua hata kwa jina. Mtu alikuwa ameongeza kicheko, na maneno juu yake: "Mwenyekiti wa jumuiya akitambika." Kwa hiyo yuko aliyekujua.

Na ni nani huko kwetu hajawamiminia wazee wake mbege? Nawajua hao wa kanisani waliokuomba "upumzike kidogo" uenyekiti wa jumuiya. Nimekulia kwenye migomba yao. Nawajua wanakofukia vibuyu vyao vya tambiko, na Jumapili wako benchi la mbele wakiwa wamefumba macho. Tofauti yao na wewe ni moja tu: wao hawana binti Ulaya mwenye kamera.

Niliiandikia kampuni, nikaomba wafute picha zako zote. Wakajibu kwamba mwenye akaunti alishakubali. Nikaandika tena, nikasema aliyeonekana siye aliyekubali. Wakajibu, kwa adabu nyingi, kwamba basi mhusika mwenyewe apeleke maombi, kwa Kiingereza, pamoja na picha ya kitambulisho chake na picha mpya ya uso wake. Ili wafute uso wako, Mama, wanataka kwanza uso wako. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nakumbuka siku uliyojua. Ulirudi kutoka jumuiya, ukachukua kile kigoda cha jikoni, ukapanda juu yake na mguu wako ule mbovu. Nilitaka kupiga kelele ushuke. Tuliweka kamera ili usianguke, na sasa ulikuwa umepanda kigoda kwa sababu ya kamera. Uso wako ukaja karibu hadi nikaona kovu dogo la kwenye kidevu. Ukasema, taratibu tu, "Gaudensia. Hata kwa baba yako?"

Kisha ukaifunika kwa gunia la kahawa.

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika, lakini nisipoandika barua hii haina maana. Gunia linazuia picha, Mama. Sauti halizuii. Kwa wiki tatu niliendelea kufungua simu yangu. Niliona nyuzi za gunia tu, lakini nilisikia jogoo, nikasikia ukikohoa, nikasikia siku moja ukimwambia Mama Yasinta, "Huyu mtoto nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili." Ulikuwa umeshanikatalia, nami bado nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Prosper yeye alikuwa ananipigia kulalamika.

"Dada, si umwambie Mama aondoe hilo gunia? Kamera itaharibika."

"Prosper, huoni tulichofanya?"

"Tulichofanya? Aliyerusha klipu ni nani, ni mimi?"

Hapo alisema kweli, na kwa ukweli huo sijamsamehe bado.

Kilichonikatisha ni bibi mmoja wa hapa ninapofanya kazi, wa chumba cha mwisho, ambaye siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Mwanawe anaishi mbali. Alileta kamera ili amwone mama yake kutoka huko anakoishi, na aliongea vizuri, kwa machozi, maneno yale yale niliyomwambia Prosper. Msimamizi wetu akaketi kitandani kwa bibi, akamweleza kifaa kile kinafanya nini, akamuuliza kama anakitaka. Akamuuliza mara tatu, kwa maneno rahisi. Bibi akasema hapana mara zote tatu. Mtoto alifoka, lakini aliondoka na kamera yake mkononi. Baadaye nilipokuwa namfutia meza, bibi akanishika mkono akasema, "Nilizaa mtoto, sikuzaa askari."

Pale ukutani kuna karatasi ya haki za wazee. Nimeifuta vumbi miaka mitatu. Kumbe nilidhani ni haki za wazee wa Kizungu. Bibi asiyekumbuka amekula nini asubuhi anaulizwa mara tatu. Wewe unayekumbuka siku aliyozaliwa kila mtoto wa ukoo, unayesoma somo la kwanza bila miwani, hukuulizwa hata mara moja, na waliokunyima swali hilo si Wazungu.

Siku hiyo hiyo nilifunga akaunti. Prosper amenuna, anasema sasa ukianguka tena nisimlaumu. Hofu hiyo ni ya kweli, nayo naibeba kila asubuhi. Mwambie Mama Yasinta, kama yuko radhi, awe anapita. Lakini mwambie wewe, usipotaka usimwambie.

Sasa, kuhusu lililomo ndani ya bahasha.

Huku isale, jani letu la kuombea msamaha, linapandwa kwenye chungu, ndani ya nyumba, kama pambo. Liko pale mlangoni kwetu kazini, karibu na viti vya wageni. Miaka mitatu nimelipita. Wiki iliyopita nilisimama mbele yake, nikachuma jani moja, nikalifunga fundo kama Baba alivyonifundisha, nikaanza kujaribu maneno nitakayokwambia. Kesho yake nikaitwa ofisini. Kulikuwa na watu watatu, na kwenye kompyuta nikajiona kutoka juu, kitambaa changu cha kichwa na mabega yangu, nikiharibu mmea wa watu na kulisemesha jani. Wakaniuliza naongea na nani. Mmoja alicheka kidogo, wala si kwa ubaya. Nadhani hata Kwa Sadala hawakucheka kwa ubaya. Ningewaambia naongea na mama yangu, nao wangeniuliza yuko wapi.

Wamenipa onyo la maandishi. Sikulalamika: mlangoni kuna tangazo la kamera, na nilipoanza kazi nilisaini. Mimi niliambiwa.

Nazijua taratibu, Mama. Najua isale haliletwi kwa posta. Linaletwa kwa mkono, na mtu anayeheshimika, na mkosaji anasimama uani hadi aitwe. Prosper sitamtuma, naye ana la kwake la kuomba. Nauli nikiipata nitakuja na isale bichi, kutoka mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, na nitasimama uani hata kama ni mvua ya masika. Hili nimelituma litangulie. Litafika limekauka. Ukiona halifai, mpe ng'ombe.

Msalimie Mama Yasinta aliyekuokota, mwambie namdai Mungu amlipe. Msalimie Shangazi wa Kwa Sadala, ambaye alimnyang'anya mteja simu akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ndiye peke yake katika ukoo mzima aliyefanya jambo la maana. Msalimie mke wa Prosper na watoto. Prosper mwenyewe msalimie siku akipanda. Na huyo mwenyekiti mpya wa jumuiya msalimie pia, kama mnasalimiana. Baba mpe habari zangu, kwa maneno utakayoyachagua, muda utakaoutaka. Sitasikia.

Ukilipokea jani hili, sitaona. Ukilitupa motoni, sitaona. Nimekaa hapa na simu mfukoni, nayo haina nyumba yetu ndani yake tena, kwa hiyo imebaki njia ile ya watu wote, ya kuuliza na kungoja.

Umeamkaje, Mama?

Mimi mwanao,
Gaudensia