Jogoo wa Kupeleka Dodoma

Pasiansi, Mwanza.
14 Juni 2024.

Mpendwa mwanangu Zadok,

Pokea salamu zangu mimi shangazi yako. Vipi Dodoma na baridi ya asubuhi? Kazi inakwendaje? Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikipanda mlima wa kwetu. Ziwa nalo limejaa mpaka kwenye bustani yangu, mchicha wote umeoza.

Ofisi yenu ilipohamishwa kutoka Dar es Salaam, mimi ndiye niliyekutetea. Ulisema nyumba za watumishi hazijatosha, mnalala wanaume wanne chumba kimoja, kwa hiyo mkeo Akeyo na watoto wabaki Dar kwanza. Nikasema sawa, amri ya serikali ni amri. Lakini hiyo “kwanza” yako sasa ina mwaka wa tatu. Wenzako wa ofisi hiyohiyo wameshahamisha wake zao, mpaka na kuku. Serikali gani hiyo inayomkosesha nyumba Zadok peke yake?

Mwezi uliopita jirani yangu Evelina alikuja huko kumsalimia binti yake, akakuona dukani. “Alikuwa anachagua mapazia, dada, ya maua. Anapima kwa mikono kabisa.” Wanaume wanne na mapazia ya maua? Nilicheka mbele yake, moyoni sikucheka.

Halafu juzi ukanipigia unataka jogoo. Si wa sokoni, hapana, wa boma la marehemu baba yako kule Rorya, mzima, apakiwe kwenye basi. Nikauliza wa nini, ukasema kitoweo. Nikauliza tena, mtandao ukakatika. Huo mtandao wa Dodoma unajua sana wakati wa kukatika.

Mimi si mtoto wa jana. Kwetu Wajaluo jogoo wa kwa baba hasafirishwi kwa ajili ya mchuzi. Hutangulizwa mtu anapofungua mji wake mpya, yaani boma lake mwenyewe, na nyuma yake anaingia mke wa kwanza na moto. Kwa hiyo nyumba ipo. Nisichokijua ni nani umemwandaa aingie na huo moto. Imeniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda kumposa Akeyo kwao.

Huenda nimekudhania vibaya, na ningefurahi sana iwe hivyo. Jogoo nimempata, mwekundu, mkorofi. Sikumpakia na mizigo. Nimemkabidhi Akeyo, aliyekuja kwangu na watoto likizo hii. Sikumwambia ninalolishuku. Nimemwambia umejenga na unamwita aje mfungue mji. Amelia kwa furaha, akaenda kununua kitenge kipya. Barua hii nayo nimempa yeye, nimeifunga kwa gundi, akukabidhi mkononi.

Baba yako mdogo Ojwang anakusalimu, na binti yake Paskazia pia, ameshajifungua salama, mtoto wa kike. Mungu akulinde, aibariki nyumba hiyo na kila mwenye haki ya kuingia humo.

Sasa inua macho, mwanangu. Mkeo amesimama mbele yako anasubiri umwambie karibu.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapokushuku,
Ajwang