Mwamba wa Arap Rono

Boito, Jumatatu asubuhi

Dada yangu Kageha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Mahindi yamekomaa? Mimi nimebaki mifupa na kikohozi. Nakaa, nasimama, nachungulia majani chai dirishani, narudi kukaa. Daktari ameacha kunidanganya, na mimi niache kukudanganya wewe.

Ile picha ya mwamba wa pwani iliyo kanisani kwetu huko nyumbani, ambayo wewe huwaonyesha wageni, sikuichora mimi. Bahari sijawahi kuiona. Aliichora jirani yangu wa hapa, marehemu Arap Rono, mchuma chai, ambaye ujanani alikata mawe kule Kilifi. Weusi wa mwamba ni mkaa ambao watu wa huku husugulia vibuyu vya maziwa.

Alinipa niiwekee fremu. Nikaona mwamba umeliwa chini, juu umejitokeza kama paa. Nikasema amekosea, kwa sababu huku mlima ukikatwa hivyo, mvua ya kwanza inauporomosha. Nikaliziba lile pango kwa rangi ya ubao wa shule, na juu yake nikaandika jina langu. Kisha nikakuletea.

Baadaye nilimwuliza kwa ujanja kuhusu miamba ya huko Kilifi. Akacheka.

"Mwalimu, maji hula chini kwanza. Mchanga unasugua, unasugua. Huku juu kunabaki kujidai tu, mpaka siku ya kuanguka. Na picha yangu?"

"Bado iko kwa fundi."

Nilimjibu hivyo mpaka tukamzika.

Juzi nilimwita mjane wake, Mama Chebet, nikamwambia yote. Akapiga makofi kwa mshangao.

"Wewe! Hata mto huvuki bila kushikwa mkono, bahari ungeichoraje?" Halafu akasema: "Hakuacha nyingine, Mwalimu. Ni hiyo tu."

Nakuomba Jumapili hii usome barua hii mbele ya watu, uishushe picha, umpe mwanao Asava ailete. Ashuke Litein, atapokewa. Najua utaona haya kwa ajili yangu. Nisamehe, lakini usichelewe.

Msalimie shemeji, na shangazi yetu aliyebaki. Mchungaji mwambie asitafute kitu cha kufunika ukuta. Alama ya fremu ibaki ionekane.

Nimekwisha kunoa wembe wa kukwangulia rangi yangu. Nakumbuka vizuri pango lilipoanzia.

Ni mimi kaka yako,
Zakaria