Diski Isiyouliza

Kwai, Lushoto
9 Julai 2023

Mpendwa Dada Efrazia,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na shemeji, pamoja na mtoto wetu Beatha, ambaye nasikia sasa anatembea na kufungua makabati ya watu. Natumaini barua hii itawakuta hapo Tabora mkiwa wazima, na kwamba zamu zako za hospitali zinakuachia nafasi ya kulala. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu si ya mchezo. Ukungu unaingia mpaka jikoni na hautoki mpaka saa tano, nami natembea na makoti mawili kama mlinzi wa benki. Malkia amezaa ndama jike, mwekundu, mkaidi kama ulivyokuwa wewe. Usikasirike, nakutania tu. Siku mdogo wako nisipokutania ujue naumwa.

Utashangaa kuona barua ya mkono zama hizi. Nimekupigia simu hupokei, na sikulaumu. Lakini hata ungepokea nisingeweza kusema. Mimi jambo likiwa zito husingizia mtandao, nakata. Karatasi haina mtandao wa kusingizia. Hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili, na nimeikabidhi kwa mtu wa basi ninayemfahamu. Naomba uisome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuitupa motoni.

Nianze na Baba. Tangu Pasaka miguu imevimba. Hashuki tena shambani, na zile ngazi tatu za barazani anapumzika kila moja. Jirani yetu Mwanaidi ndiye anayemkamulia Malkia asubuhi. Daktari alinivuta pembeni akanieleza kwamba moyo wa mzee umechoka, kwamba dawa zitausaidia ila hazitaurudishia ujana, na kama kuna watoto walio mbali ni vizuri wajulishwe. Wewe ni muuguzi, huhitaji nikufafanulie.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hukuambiwa. Baba ameacha kushiriki Meza ya Bwana. Mzee wa kanisa wa miaka ishirini, siku ya ushirika anabaki peke yake kwenye benchi wenzake wakienda mbele. Mchungaji alipomuuliza, alijibu kwamba mtu aliyekosana na mwanawe huiacha sadaka yake mbele ya madhabahu akaenda kwanza kupatana naye, na mwanawe yuko Tabora, miguu haifiki. Mimi nilikuwa nimekaa karibu nao, nikasikia kila neno, na Jumapili hiyohiyo nikaenda mbele nikapokea mkate na divai. Ndiyo, mimi.

Sasa niruhusu nirudie habari unayoijua, maana nikiruka kipande nitapata pa kujificha. Mama alipojua kwamba ugonjwa hautamwacha, aliniomba nimrekodi kwenye kompyuta ya mezani ya Baba. Aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti yake ya pili. Alieleza jinsi ya kumwita Malkia akigoma kurudi zizini. Alinionya mimi kuhusu pombe na wanawake, kwa kirefu kuliko nilivyostahili. Mwisho akasema anataka kuzungumza na wewe, akanituma nikakate majani ya ng'ombe, kwamba maneno ya binti hayasikilizwi na kaka wala mdogo wake, labda baba yake. Wewe ulikuwa kitandani na mshono wa upasuaji wa Beatha, hukuweza kuja kumuuguza wala kumzika. Nilitaka nikutumie rekodi kwa simu, Mama akakataa katakata. Alisema baraka hazipelekwi kama kifurushi. Utakuja uzisikie hapa nyumbani, umekaa jikoni kwake, mtoto mapajani.

Basi zikabaki kwenye ile kompyuta, nami nikaipanga kwamba ikiwashwa tu icheze rekodi zote yenyewe, ya kwanza hadi ya mwisho. Baba nilimfundisha kitufe kimoja. Kila asubuhi aliteleka chai, akabonyeza, na chai ikichemka Mama alikuwa anaimba. Zamu yako ikifika mimi nilikuwa natoka nje, kama alivyotaka mwenyewe. Miezi sita tuliishi hivyo. Ulikuwa umepanga kuja Krismasi.

Halafu mwezi wa nane Baba akakupigia akakuambia kwamba amebonyeza vibaya na sauti ya Mama imefutika yote. Ukamjibu kwamba amemzika Mama mara ya pili, na asikutajie tena jina lake. Nilikuwa kwenye kiti cha pembeni. Aliifunga simu kwenye leso kana kwamba imevunjika, akaenda zizini, akakaa huko mpaka Mwanaidi alipokwenda kumwita.

Sasa nikueleze kazi yangu, ambayo hujawahi kuniuliza na mimi napenda kujisifu. Mwaka jana nilipata kazi ya kupiga Windows kompyuta za shule tatu za milimani, zile zilizokwishatumika, kumi na tano kila shule. Ukifanya kwa njia ya kawaida unakaa mbele ya kila mashine kama mgonjwa anayesubiri dripu iishe. Inakuuliza lugha, unajibu. Inakuuliza saa za nchi gani, unajibu. Inataka namba ndefu ya leseni, jina la mtumiaji, diski ipi ifutwe, na kama una hakika. Ukienda kunywa chai unarudi unaikuta bado inakusubiri kwenye swali.

Nikapata programu ndogo ya kutengenezea diski yako mwenyewe. Unaijibu maswali yote mara moja, unaongeza na programu unazotaka shule iwe nazo, unapunguza takataka, halafu unachoma DVD. Ukiitia kwenye mashine inafuta, inasakinisha, inaandika jina, inajizima na kujiwasha, bila mtu. Dada, nilijiona nimekuwa profesa. Tatizo likawa umeme. Huku kwetu unajua, upepo ukivuma kidogo tu umekatika, na ukirudi ile diski ilikuwa inasimama kwenye swali la kwanza kabisa, linalotaka mtu aguse kibodi ili ikubali kuanza. Nikaona hilo nalo ni usumbufu. Nikaliondoa. Toleo langu la mwisho likawa haliulizi chochote. Ukiisahau ndani na mashine ikawashwa, inaanza kufuta palepale. Juu yake niliandika kwa kalamu ya wino mzito, HII HAIULIZI, nikachora na uso unaocheka.

Kifaa changu cha kuchomea kilikuwa kimekufa wiki hiyo. Nikaja kuchoma kwenye kompyuta ya Baba.

Nadhani umekwishanielewa, lakini lazima niandike. Jioni ile nilimaliza, nikazima mashine, nikaanza kufunga mizigo ya safari ya shule. Asubuhi gari likapiga honi barabarani nikakimbia. Diski ilibaki ndani. Baba akateleka chai, akabonyeza kitufe kilekile, mara moja, kama nilivyomfundisha. Aliona maandishi yanapita akafikiri Mama anachelewa tu. Akanywa chai. Alisubiri karibu saa nzima na nusu, amekunja mikono. Kioo kilipotulia kikaandika kwa herufi kubwa, Karibu Mwanafunzi. Hapo ndipo aliponipigia, na sauti yake naisikia mpaka leo. Aliniambia kwamba mama yenu leo hajaamka.

Nilirudi mbio. Kabla sijafungua mdomo, Baba alikuwa amekwishajihukumu. Alinieleza kwamba vidole vyake vina ganzi siku hizi, kwamba pengine alibonyeza mara mbili, au alikandamiza mno. Aliniangalia usoni akisubiri fundi aseme. Diski niliitoa nikaitia ndani ya koti, mgongo wangu ukiwa kwake. Halafu nikamjibu kwamba ndiyo, Baba, pengine ulibonyeza vibaya.

Basi. Ndilo neno lililonikaa kooni miezi kumi na moja. Baba hakufuta kitu. Mama nimemfuta mimi, na Baba nikamwachia lawama, na wewe nikakuachia hasira ya kumpiga nayo mtu asiye na kosa. Kila siku nawahubiria wateja waweke nakala ya vitu vyao, na sauti ya mama yangu sikuiwekea nakala hata moja. Mganga hajigangi, lakini mimi hata sikujaribu. Niliipeleka diski ya ndani ya ile kompyuta kwa fundi wa Tanga, nikamsihi. Alifukua siku nne, akanipa picha tatu za Malkia na faili moja yenye jina lako. Nilipoifungua ilikuwa mngurumo mtupu. Nilikaa nayo masikioni mpaka fundi aliponigusa bega, nikalia mbele yake bila aibu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu Baba hakuwahi kunishuku. Jumapili iliyopita ilikuwa tena siku ya Meza ya Bwana, na safari hii nilibaki kwenye benchi pamoja naye. Aliniangalia kwa mshangao. Tulipofika nyumbani nilipiga magoti jikoni nikamweleza yote, hata ule uso unaocheka. Nilitegemea fimbo, ningeipokea kwa furaha. Aliinama akasogeza kuni mekoni. Halafu akaniuliza kama nimekwishamwambia Efrazia. Nikasema bado. Akasema nilipaswa kuanza na wewe.

Baadaye ndipo aliponiambia lile linalonifanya niandike kwa haraka hivi. Alisema sauti imepotea, ila maneno hayakupotea. Zile asubuhi zote za miezi sita alikuwa anayasikiliza maneno aliyokuachia Mama, na anayo kichwani, toka salamu mpaka amina, pamoja na mahali Mama alipokohoa na mahali alipocheka. Tangu siku ile, kila chai inapotelekwa, huyarudia mdomoni taratibu asije akapoteza hata moja. Mimi nilikuwa naona midomo yake inacheza, nikafikiri anasali.

Nilimwomba niyarekodi au niyaandike. Amekataa. Anasema si yangu, na Mama hakunituma nikate majani kwa bure. Nilimuuliza kwa nini hakukuambia wewe muda wote huo. Akasema ulimkataza kumtaja Mama, na kwamba aliyevunja chungu hana haki ya kugawa maji.

Dada, Ijumaa kipande kimoja kilimpotea. Nilimkuta amesimama jikoni, chai imemwagika, anarudia neno moja na halisogei. Lilirudi jioni. Usiniombe nikuhakikishie kwamba kitakachopotea kesho kitarudi.

Mimi usinisamehe sasa. Nikasirikie kwanza, nitaisubiri zamu yangu, hata ikichukua miaka. Lakini Baba usimpange foleni moja na mimi. Kama ruhusa ipo, njoo, kitanda chako nimekianika. Kama haipo, nimembembeleza, na amekubali kulegeza sharti la Mama. Mpigie asubuhi, saa moja, chai inapotelekwa. Ameomba tu uwe umekaa, na Beatha awe mapajani.

Nisalimie shemeji sana, mwambie peasi za mwaka huu nitazituma zikiiva, ndege wakitubakishia. Mbusu Beatha kwa ajili ya mjomba ambaye hajamwona. Mwanaidi anakusalimu, na ndama hajapewa jina, tunakungoja wewe.

Simu ya Baba nimeitoa kwenye leso, nimeiweka kwenye kigoda karibu na meko, mlio nimeupandisha hadi mwisho. Nimemwonyesha kitufe cha kupokelea. Ni kimoja tu. Alikiangalia kwa muda, akaniuliza mara mbili kama akikibonyeza hakitafuta kitu. Nimemwambia hakifuti, Baba, bonyeza tu.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Anord