Injini Iliyopashwa Moto

Baba watoto,

Nguo nimeloweka kwenye beseni la bluu, zifue. Mdogo anatoka shule saa sita, kamchukue. ~~Chai iko kwenye chupa.~~ Chai jichemshie, kupasha moto vitu unajua.

Miezi miwili nakwenda kiwandani kwa miguu ili pikipiki isiongeze kilomita. Dukani walikubali kuichukua ilivyo, tuongezee kidogo watupe mpya. Ukavimba: "Hao wezi! Nitaiuza mwenyewe, mimi mtoto wa mjini."

Haya, mtoto wa mjini. Leo alfajiri umeipiga kiki mara kumi na saba, nilikuwa kitandani nahesabu. Ikawaka, ukaiacha ingurume, ukaizima, ukaipangusa. Mnunuzi alipofika ukamwambia, "Haijaguswa tangu jana, na inawaka kwa kiki moja tu." Yeye akaweka kiganja kwenye injini, akakiondoa haraka kama aliyeshika sufuria jikoni. Akacheka, akaenda zake. Aibu nimeona mimi dirishani. Wewe umerudi kulala, unakoroma.

Naipeleka dukani. Kadi ya pikipiki ina jina langu, kama ulisahau. Nimewapigia simu, nikawaambia ukweli kwamba asubuhi inasumbua kuwaka. Wamesema niilete tu, fundi wanaye.

Kwa jambo moja nakushukuru: bado ina moto wako, kwa hiyo sitahangaika kuiwasha.

Jioni narudi na mpya. Ukitaka kuijaribu, subiri kwanza injini ipoe.

Mama watoto