Mama Hapokei Simu

Malaba, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Mulembe mama. Funyula mko salama? Na miguu yako inaendeleaje? Huku sisi ni wazima. Ekisa, mume wangu, anakusalimia kwa heshima zote za mkwe.

Mama, nakupigia tangu wiki jana, simu imezimwa. Jirani yako Benedetta alipoleta samaki wake wa omena sokoni hapa nikamwuliza. Akasema, "Mamako ameifunga simu kwa leso, ameizika kwenye gunia la mahindi. Simu yoyote ikilia anatetemeka." Ndiyo maana nampa barua hii akuletee. Niambie ukweli, ni nini? Mimi ni mjamzito, mama. Nilitaka kukuambia kwa mdomo nikusikie ukipiga vigelegele, sasa nakuandikia kama karani.

Mwanao,
Wilkister

Funyula, 9 Machi 2024

Mwanangu Wilkister,

Nimepokea salamu zako. Miguu ni ile ile, lakini kanisani inanifikisha. Vigelegele nilipiga, mpaka Benedetta akaja mbio na jembe akidhani ni nyoka.

Ukweli ni huu. Tangu siku ile mtu nisiyemjua aliponipigia kuniambia baba yako amegongwa na lori akafa pale Matayos, nikisikia simu ikilia mwili wangu unaenda wenyewe. Moyo unatwanga, mikono inakuwa baridi, pumzi inakatika. Hata iwe simu ya jirani. Juzi ya katekista ililia katikati ya ibada, nikatoka nje nikashika ukuta. Kila mara nawaza, ni nani tena? Basi nikajiambia nikiizima, habari mbaya haitanipata. Sasa nakaa nikiwaza ni habari gani imenipita. Usiniambie niombe, kwa sababu kuomba naomba.

Kula mboga, na usibebe sufuria kubwa za hoteli unakopika.

Mama yako,
Selpha

Malaba, 20 Machi 2024

Mama yangu,

Pole sana. Natumaini umeamka vizuri. Mimi kichefuchefu kimepungua, isipokuwa nikikaanga samaki.

Nilipoenda kliniki nilimwuliza nesi, bila kutaja jina lako. Akasema si wazimu, na si kukosa imani. Mwili ulifunzwa jambo moja baya kwa ghafla na bado unalirudia. Na ukikimbia kila mara, woga unazidi kunenepa. Anataka kwanza upimwe moyo na presha pale dispensari. Ukiwa sawa, anza kidogo kidogo. Toa simu kwenye mahindi, iwe mezani tu imezimwa. Ukizoea, iwashe, Benedetta akupigie kutoka nyuma ya jikoni, ukijua kabisa ni yeye. Moyo ukianza, usipigane nao. Vuta pumzi, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta, mpaka kile kitu kipite.

Mimi naahidi nitakupigia kwa upuzi tu: dereva gani amelalamikia chumvi, nani amesinzia kwenye foleni ya malori akapitwa.

Mwanao,
Wilkister

Funyula, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Natumaini wewe na tumbo mko salama. Najua sasa tunaongea kwa simu, lakini hili nimetaka uwe nalo kwa maandishi.

Presha walisema ni nzuri, na daktari wa dispensari hakunicheka. Siku ya kwanza Benedetta kunipigia nilikimbia, nikamwaga mboga yote. Akapiga kelele kutoka nyuma ya jikoni, "Selpha! Ni mimi! Sijafa!" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Sasa Alhamisi nilikuwa peke yangu napalilia mihogo. Simu ikalia, namba siijui. Wilkister, yote yalirudi, hata ule ubaridi wa mikono. Nikaketi hapo kwenye udongo nikatoa pumzi. Ikalia mpaka ikakatika. Ikalia tena. Nikapokea.

"Halo, mzee Okwara? Mbao zangu ziko tayari?"

"Mimi si Okwara," nikamwambia. Akaomba msamaha sana. Nikamwuliza, mbao za nini? Akasema za paa la mama yake huko Budalang'i, maji ya mafuriko yaliwabomolea. Tukaongea mpaka salio lake likaisha.

Woga haujahama. Ulikuja, nikakaa nao kwenye mihogo, haukuniua.

Mama yako,
Selpha

Malaba, 14 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Natumaini ulifika salama na hukukuta mbuzi wamemaliza shamba. Mshono unapona. Mjukuu wako Asekenye ananyonya vizuri.

Ekisa amenieleza siku ile ilivyokuwa. Mkwe kumpigia mama mkwe! Alizunguka ua wa hospitali na simu mkononi mpaka dada yake Alupo akamwambia, "Piga, ama nipige mimi." Anasema ulipokea, akakuambia, "Mama, ni Ekisa. Wilkister ameingizwa kupasuliwa." Alisikia tu pumzi yako, ndefu. Halafu ukauliza, "Yuko hai?" Akasema ndiyo. "Basi nakuja. Na wewe keti chini, baba." Akaketi chini, pale pale kwenye changarawe. Nilipofungua macho ulikuwa hapo, gauni lina udongo.

Sasa nikuambie langu. Tangu uondoke, nilikuwa naweka kidole chini ya pua ya mtoto kuona kama anapumua. Akilala namwamsha. Hata chooni nilikuwa naogopa kwenda. Nikajua ni kitu gani, kwa sababu uliwahi kunieleza chako. Nesi nimemwambia, anajua.

Jana nilimpa Alupo mtoto, nikasema, "Usiniite isipokuwa akilia." Nikaingia bafuni. Moyo ulianza kabla sijamwaga maji. Nikatoa pumzi. Nikataka kutoka hivyo hivyo na sabuni, sikutoka. Nikaosha hadi nywele, mama, nikakaa mpaka maji yakaisha kwenye karai. Niliporudi wote wawili walikuwa wamelala, na aliyekuwa anakoroma ni Alupo.

Mwanao,
Wilkister, mama Asekenye