Mpendwa Wetu Otto Mbawala, Binti Yako Amecheza Lizombe

Ni mwaka mmoja sasa tangu uondoke, Otto, asubuhi ya Januari, chai ikiwa mezani, na bado sijakusamehe kwa kuniacha na dada yako Kunegunda tuelewane wenyewe. Kazi ya kutupatanisha ilikuwa yako. Ulinicheka mimi mbele yake, ukamcheka yeye mbele yangu, ukadhani hatujui. Tulijua, na tulikuwa tunapoa.

Ulikuwa fundi wa mashine za kusaga, na Songea hii wengi wamekula unga uliopita mikononi mwako. Ukiitwa kijijini Namasakata kwa siku moja, unarudi siku ya tatu, simu imezima, mkononi jogoo wa kupewa. Nikifoka unajibu taratibu, "Mama Raphael, kina mama walikuwa wamepanga foleni na mahindi yao. Ningeondokaje?" Hukuwahi kumwacha mtu arudi kwake na mahindi mazima kichwani. Watu bado wanakuja kutushukuru kwa hilo, na mimi ninapokea shukrani za jambo lililonikera miaka yote.

Na ugali wangu hukuula kabla ya kuuliza umesagwa wapi. Ulikuwa unachukua unga kidogo, unaupikicha kwa vidole mbele ya wageni, unasema, "Hawa chekeche lao limetoboka." Otto, mbele ya wageni! Siku hizi haniulizi mtu. Napika unga wenye chenga, tunakula kimya, na sipendi.

Halafu lizombe, ngoma yetu Wangoni. Harusi yoyote, Matogoro mpaka Peramiho, ngoma ikianza kulia wewe umeshavua koti. Oliva alijifunza akiwa mdogo sana, akikufuata nyuma kama kifaranga, na nilipomwita aje ale alikuwa hasikii. Hapo ndipo ilipoanzia shida ninayotaka kukueleza leo, na wasomaji wa tangazo hili watuvumilie.

Ulipofariki binti yetu alikuwa Hungaria, mwaka wa pili wa masomo ya udaktari wa mifugo, na mitihani ilikuwa imeanza. Hakuwahi mazishi. Raphael, kaka yake, alimpigia simu ya video makaburini ili naye awepo. Lakini jeneza lilipoanza kushuka Raphael alizidiwa, mkono ukaanguka, akasahau kama ameshika simu. Oliva hakuona kaburi. Aliona viatu vya watu na tope jekundu mpaka chaji ikaisha.

Hapa nyumbani sikuachwa peke yangu hata dakika. Wanawake walijaa, wakalala chini kwenye mikeka, wakanipikia uji na kunilazimisha kuunywa. Nilimuuliza Oliva, "Huko nani amekuja kukaa na wewe?" Akasema, "Mama, hakuna. Wametuma meseji za pole." Siku uliyozikwa mwanao aliosha vyombo vyake mwenyewe, na kesho yake akaenda darasani kwenye theluji. Sijui kama unanielewa ninavyokasirika. Sina hata wa kumkasirikia, kwa sababu watu wa kule hawakumkosea. Hawakujua tu kwamba msibani mfiwa haachwi peke yake.

Baada ya hapo sauti yake ilibadilika. Nikimpigia anajibu, "Nipo, mama. Nimekula, mama." Kama anasoma tangazo. Mara mbili aliniambia anataka kuacha shule arudi. Nilimwambia amalize, kisha nikikata simu najiuliza kama nimemshauri vizuri au ninamuua mtoto. Hiyo ndiyo hofu niliyoishi nayo miezi kumi, Otto, na wewe hukuwepo kunicheka.

Mwezi wa kumi na moja ikaja ile video. Wanafunzi wa kigeni chuoni kwao walikuwa na sherehe, kila mmoja apike au aoneshe cha kwao. Kuna kijana wa Malawi, naye Mngoni wa upande ule wa Mzimba, akaanza kupiga ngoma kwenye ndoo. Oliva akaingia katikati. Koti zito la baridi, viatu vikubwa, na kiuno kile kile chako! Wazungu wanamfuata nyuma, wanakosea, naye anacheka mpaka anainama. Niliyaona meno ya mwanangu. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikairudia mpaka mboga ikaungua.

Raphael, kwa ujinga wake, akaitupia kwenye grupu la ukoo.

Kunegunda alifika kesho yake asubuhi. Raphael akamwambia, "Shikamoo shangazi." Akajibu, "Kaa na shikamoo yako." Akanigeukia.

"Brigita, kaka yangu hajatimiza mwaka, mtoto wake anakata kiuno mbele ya watu?"

"Wifi, kaa kwanza unywe chai."

"Sikuja kunywa chai."

Kwa mila kama anavyoijua yeye, mtoto wa marehemu hachezi ngoma mpaka misa ya mwaka isomwe na matanga yaondolewe. Yeye mwenyewe, tangu uondoke, hajaimba hata kwaya, na unajua anavyopenda kuimba. Akatoa hukumu: kwenye tangazo la kumbukumbu ya mwaka, pale tunapoandika majina ya wanaokukumbuka, la Oliva lisiwepo. Likiwepo, la kwake litolewe. Huyu ndiye aliyekulea tangu mama yenu alipofariki. Ningemfukuzaje?

Mdogo wako Hironimus akaja na dawa. Tulikaa wote sebuleni, simu katikati ya meza, Oliva upande wa pili.

"Mwanangu," Hironimus akamwambia, "lizombe tunacheza hata msibani. Wewe sema tu ulikuwa unamchezea baba yako. Shangazi yako atasikia, yataisha."

Neno moja tu! Niliomba kimoyomoyo akubali. Lakini ni mtoto wako.

"Baba mdogo, nitakuwa nadanganya. Sikuwa namchezea baba. Nilikuwa nimefurahi tu. Wakati nacheza sikumkumbuka kabisa."

Nilitamani niingie kwenye ile simu nimzibe mdomo. Kunegunda aliinuka, akajifunga khanga vizuri, macho yamejaa machozi. "Mmesikia wenyewe. Kama mwanaye wa kumzaa anamsahau, atakumbukwa na nani?"

"Shangazi, subiri," Oliva akasema. "Tulipokaa chini ndipo nikamkumbuka. Na haikuniuma. Ilikuwa mara ya kwanza kumkumbuka bila kuumia. Nikakaa naye hapo, nikala."

Kunegunda akatoka. Mimi nikabaki na hasira na kila mtu: na Raphael na grupu lake, na Hironimus na dawa zake, na huyu binti asiyejua kusema uongo mdogo wa heshima. Na wewe zaidi, uliyemfundisha hivyo.

Lakini hasira zikishapoa lazima niseme ukweli, maana tangazo hili naliandika mimi. Juzi nilikuwa shambani napalilia mahindi na jirani yetu Noela. Akanisimulia habari za mbuzi wake aliyeingia kanisani, nikacheka mpaka nikaweka jembe chini. Jioni nanawa mikono nikashtuka: kutwa nzima sikukukumbuka. Nilitafuta maumivu yangu, nikakuta yapo, ila yamepungua. Nimekaa na wewe miaka thelathini na moja na nimekupenda kila mwaka, hata ile ya kufoka. Kama mimi naruhusiwa kucheka mbuzi wa Noela, mwanangu hawezi kukatazwa kucheka huko kwenye theluji, ambako hakuna hata wa kumshika mkono.

Oliva haachi shule. Amesema mwenyewe, sikumlazimisha. Anakuja Julai, na amemwomba shangazi yake ampeleke kaburini, wawili tu. Kunegunda amesema atafikiri. Kwa anavyojibu siku zote, hayo ni maneno mazuri.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii asubuhi parokiani kwetu, na baadaye chakula nyumbani Matogoro. Unga nimeusaga mara mbili.

Unakumbukwa na mkeo Brigita, mwanao Raphael, mdogo wako Hironimus, majirani na mafundi wenzako wote, binti yako Oliva, ambaye kuna siku anakusahau kidogo na anacheka, na dada yako Kunegunda, aliyesema tukiliandika jina la Oliva, la kwake tulitoe.

Majina hayo tumeyaandika yote mawili, na hatutoi hata moja. Akitaka kugomba, aje agombe. Nitamwekea chai.

Daima tutakukumbuka, Otto, na siku tutakazosahau, tutarudi.